Mirathi Mikubwa na Haki ya Maskini: Ushuru Uliofutwa Mwaka 1982



Katika jumuiya zetu ndogo ndogo, habari ya mirathi hutajwa pale tu ugomvi unapozuka: ndugu wamepelekana kortini, mjane amefukuzwa katika boma la marehemu mumewe, au jiwe la mpaka limesogezwa usiku. Ni nadra sana kuizungumzia mirathi kama jambo linalogusa taifa zima. Hata hivyo, njia ambayo mali hupitia kutoka kwa marehemu hadi kwa walio hai ni mojawapo ya mambo yanayoamua ni nani katika Kenya atazaliwa akiwa na shamba, na ni nani atazaliwa akiwa kibarua wa shamba hilo.

Kwa sababu hiyo tunauliza swali ambalo huenda wengine wakaliona geni kutoka kwa mapadre. Je, ni haki kwamba mali kubwa mno hupita kutoka kwa baba hadi kwa mwana bila kutozwa ushuru wowote wa mirathi, ilhali mama anayenunua mche wa sabuni dukani hawezi kuukwepa ushuru? Sisi tunaona si haki. Tunashauri ushuru wa mirathi urudishwe, lakini kwa mali kubwa peke yake. Na tunashauri pia kwamba, kabla ya hapo, mjane na yatima wapunguziwe mzigo wanaoubeba leo. Tutaeleza sababu zetu, kisha tutayajibu mapingamizi ambayo tunajua yatatolewa.

1. Tulikotoka

Ushuru wa mirathi si jambo jipya kwetu. Ulikuwako wakati wa ukoloni, na uliendelea kwa karibu miaka ishirini baada ya Uhuru wa 1963. Mtu alipofariki, mali yake ilithaminiwa, na Serikali ilidai sehemu yake kabla warithi hawajagawana. Mwaka 1982 ushuru huo ulifutwa kwa sheria. Mwaka uliotangulia, tarehe 1 Julai 1981, ilikuwa imeanza kutumika Sheria ya Urithi iliyopitishwa mwaka 1972. Basi katika muda mfupi nchi ilipata sheria mpya ya kugawa mali ya marehemu, na papo hapo ikaacha kudai fungu la umma katika mali hiyo.

Mwaka 1985 ilifuata hatua nyingine. Kodi ya faida inayopatikana mtu anapouza ardhi au mali nyingine ya namna hiyo, iliyokuwa imeanzishwa mwaka 1975, ilisimamishwa. Ilikaa hivyo kwa karibu miaka thelathini. Ilirudi mwaka 2015 kwa kiwango cha asilimia 5, na tangu Januari 2023 ikapandishwa hadi asilimia 15 ya faida. Lakini kodi hiyo humhusu anayeuza. Msimamizi wa mirathi anapomkabidhi mrithi sehemu yake, makabidhiano hayo hayahesabiwi kuwa mauzo, na kodi hiyo hailipwi. Tena mwaka 2021 sheria ya fedha ilitoa msamaha wa kodi hiyo kwa ardhi na majengo yanayowekwa chini ya amana ya familia, jambo ambalo hufanywa na wale wenye mali ya kuwekwa katika amana na wenye mawakili wa kuwaandikia hati zake.

Hatusemi kwamba kila msamaha ni dhambi. Mtoto anayerithi nyumba ya mama yake hajauza kitu, na kumtoza kama mchuuzi kungekuwa kumwonea. Tunachosema ni kwamba msamaha unaomfaa mwenye nyumba ya mabati vyumba viwili, unapotolewa bila kipimo kwa mwenye maelfu ya ekari, hubadilika sura. Kwa wa kwanza ni huruma. Kwa wa pili ni upendeleo.

2. Kodi isiyo na jina

Huenda msomaji akasema: kumbe Wakenya hawalipi ushuru wa mirathi. Wakubwa hawalipi. Wadogo hulipa kila siku, ila ushuru wao hauna jina na haufiki katika hazina ya Serikali.

Tutazame njia anayopita mjane wa kawaida. Mume amefariki na kuacha ekari mbili, ng'ombe mmoja na akiba kidogo katika chama cha ushirika. Hatimiliki ina jina la marehemu, pengine hata la baba yake marehemu. Mjane anahitaji barua ya chifu inayowataja warithi. Anahitaji cheti cha kifo. Anapeleka maombi kortini, tangazo linachapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, siku 30 za kungoja pingamizi zinapita. Akipewa hati ya usimamizi, kwa kawaida hungoja miezi sita kabla ya kuomba ithibitishwe ili mali igawanywe. Baada ya hapo kuna mpima ardhi na ofisi ya ardhi. Kila hatua ina nauli yake, ada yake, siku yake ya kibarua iliyopotea, na mahali pengine ina mkono ulionyoshwa chini ya meza. Tena hapo hatujataja gharama za mazishi, ambazo mara nyingi zimekwisha kummaliza.

Wengi hukata tamaa. Shamba hubaki kwa jina la mtu aliyekufa zamani, na asiye na hatimiliki hana neno mbele ya shemeji mwenye nguvu. Sheria ya Urithi haimbagui binti na mwana wa kiume katika mali ya mzazi aliyefariki bila wosia, na mwaka 2005 Mahakama ya Rufani, katika kesi iliyojulikana kama Rono dhidi ya Rono, iliutetea usawa huo. Lakini sheria iliyoko Nairobi haimlindi mama aliyeko kijijini ikiwa hana nauli ya kuifuata.

Zaidi ya hayo, kwa maskini kurithi ni kugawanya. Ekari nne za babu, zikigawiwa watoto wanne, ni ekari moja moja. Wale nao wakipata watoto wanne kila mmoja, mjukuu anabaki na robo ekari. Hayo ndiyo tunayoyaona Vihiga, Kisii na Murang'a. Kwa tajiri mkubwa mambo huenda kinyume: mapato ya shamba moja hununua la pili, kodi za nyumba za jijini hununua kiwanja kingine, na watoto hupokea zaidi ya alichopokea baba yao. Hivyo kizazi baada ya kizazi mirathi huwatawanya wengine na kuwakusanyia wengine.

Na sehemu ya mali hiyo ina historia. Mwaka 1915 sheria ya kikoloni ya ardhi iliwawezesha walowezi kupata mikataba ya miaka 999 juu ya ardhi ambayo Waafrika waliondolewa. Baada ya Uhuru baadhi ya mashamba hayo yalikatwa kwa ajili ya makazi ya wananchi, na mengine yalinunuliwa yakiwa mazima na wachache waliokuwa na fedha au uhusiano na wenye madaraka. Tume ya Ndung'u, iliyotoa taarifa yake mwaka 2004, ilieleza jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa watu kinyume cha sheria. Waliogawiwa wanazeeka, na wengine wamekwisha kufariki. Ardhi hiyo inashuka kwa watoto ambao hawakumnyang'anya mtu, na kwa kila kizazi kinachopita swali la asili yake linazidi kufifia.

Hapa tutoe tahadhari. Ushuru wa mirathi si sabuni ya kuosha mali ya dhuluma. Kilichoibwa hurudishwa, hakilipiwi asilimia kumi na kuwa halali. Ahabu alipolitwaa shamba la mizabibu la Nabothi, nabii Eliya hakumdai ushuru. Kwa hiyo pendekezo letu linahusu mali iliyopatikana kwa halali. Kwa ile iliyopatikana kwa hila, dai la kurudisha linabaki palepale.

3. Kanisa lafundisha nini

Wapo waamini wanaodhani kwamba Kanisa humtetea mwenye mali bila masharti. Ni kweli kwamba Baba Mtakatifu Leo XIII, katika waraka wa Rerum Novarum wa mwaka 1891, alitetea haki ya mtu kumiliki mali na haki ya baba kuwaachia watoto wake, naye alionya kwamba Serikali haitendi haki ikiimaliza mali ya watu kwa kisingizio cha kodi. Pio XI, katika Quadragesimo Anno ya mwaka 1931, alishikilia kwamba haki ya kurithisha isivunjwe, lakini papo hapo alifundisha kwamba mali ina upande wa jamii, na kwamba mamlaka ya nchi inaweza kuongoza matumizi yake kwa manufaa ya wote. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, ulikumbusha kwamba Mungu aliikusudia dunia na vyote vilivyomo viwafae watu wote. Paulo VI mwaka 1967, katika Populorum Progressio, alisema wazi kwamba haki ya kumiliki si haki isiyo na mpaka, na Fransisko aliyarudia mafundisho hayo katika Laudato Si' ya mwaka 2015 na Fratelli Tutti ya mwaka 2020.

Tukiyaweka mafundisho hayo pamoja tunapata mizani yenye pande mbili. Ushuru unaofuta urithi ni dhuluma, kwa maana unavunja upendo wa mzazi na kazi ya mikono yake. Urithi usiogusika, hata uwe mkubwa kiasi gani, nao ni dhuluma, kwa maana unawafungia wengine mlango wa meza ambayo Mungu aliwaandalia wote. Kazi ya watunga sheria ni kutafuta mahali pa haki kati ya pande hizo mbili.

Maandiko nayo yatusaidia. Sheria ya Jubilei katika Mambo ya Walawi sura ya 25 iliagiza kwamba kila mwaka wa 50 ardhi iliyouzwa irudi kwa ukoo wake. Maana yake ni kwamba Israeli hawakuruhusiwa kuiacha bahati mbaya ya kizazi kimoja iwe utumwa wa vizazi vyote. Katika Hesabu sura ya 27 binti za Selofehadi walisimama mbele ya Musa wakadai urithi wa baba yao, na Mungu akawapa haki. Na katika Luka sura ya 12, mtu alipomwomba Bwana Yesu amwamuru ndugu yake wagawane urithi, Bwana alikataa kuwa mgawaji, kisha akasimulia habari za tajiri aliyepanga kujenga ghala kubwa zaidi usiku uleule ambao roho yake ilikuwa inatakiwa.

4. Mapingamizi

Pingamizi la kwanza: mali hiyo imekwisha kutozwa kodi marehemu alipokuwa hai. Kwa sehemu ni kweli. Mshahara ulikatwa kodi, na duka lililipa ushuru. Lakini utajiri mkubwa wa Kenya umo katika ardhi iliyopanda bei. Kiwanja kilichonunuliwa kwa bei ndogo miaka ya 1970 kandokando ya Nairobi leo kina thamani kubwa mno, na ongezeko hilo halikuletwa na jasho la mwenyewe. Lililetwa na barabara, maji, umeme na wingi wa watu, yaani kwa sehemu kubwa lililetwa na fedha za umma. Ikiwa mwenyewe hakuuza, ongezeko hilo halijatozwa kodi ya faida hata mara moja. Na shilingi kutozwa mara mbili si ajabu: kibarua hulipa kodi katika ujira wake kama unafikia kiwango, kisha akinunua sabuni ya shilingi 116, shilingi 16 ni kodi ya ongezeko la thamani.

Pingamizi la pili: ushuru huu utamwangukia mkulima mdogo. Hofu hii ni ya kweli, na si yetu peke yetu. Novemba 2024 wakulima wa Uingereza waliandamana London kupinga mpango wa kupunguza msamaha wa mashamba katika ushuru wao wa mirathi. Kwa hiyo kipimo lazima kiwe juu, na shamba linalolimwa na familia inayoishi humo lithaminiwe kama shamba, si kama viwanja vya kuuza. Tutoe mfano. Tuseme sheria inasamehe shilingi milioni 100 za kwanza, na kutoza asilimia 10 kwa zinazozidi. Mwenye mali ya milioni 300 akifariki, ushuru ni milioni 20, na warithi wanabakiwa na milioni 280. Tunauliza kwa unyofu: ni mrithi gani atakayelala njaa kwa sheria hiyo? Na kati ya wasomaji wetu, ni wangapi watakaofikia kiwango hicho?

Pingamizi la tatu: matajiri watakwepa. Wengine watakwepa, kama wanavyokwepa kodi nyingine. Lakini ardhi haibebwi katika begi na kupelekwa ng'ambo. Ina namba na ina rejista. Nchi nyingine zimejifunza kuziba mianya. Uingereza huhesabu pia zawadi zilizotolewa katika miaka 7 kabla ya kifo, ili mtu asigawe kila kitu akiwa kitandani. Afrika Kusini, nchi ya bara letu, haikuufuta ushuru wake. Machi 2018 iliupandisha kutoka asilimia 20 hadi asilimia 25 kwa sehemu ya mirathi inayozidi randi milioni 30. Anayesema jambo hili haliwezekani Afrika na aitazame Afrika Kusini.

Pingamizi la nne ndilo zito kuliko yote: fedha zitaibwa. Hatuwezi kulipuuza. Mwezi wa Juni 2024 vijana wetu walijaa barabarani kupinga Mswada wa Fedha. Wengine waliuawa, na tarehe 26 Juni Rais alitangaza kwamba hatautia sahihi. Mswada ule, ulipoletwa mara ya kwanza, ulikusudia kuutoza mkate asilimia 16. Sisi hatuamini kwamba vijana wale walikataa wajibu wa kulipa kodi. Walikataa kodi inayotoka mezani kwa maskini na kuishia mifukoni mwa wakubwa. Ukweli wa maneno yao una pande mbili: mwizi azuiwe, na mzigo uhamishwe. Tukishughulikia upande mmoja tu, deni la Serikali halitangoja; itarudi tena kwenye mkate. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 201, inataka mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki. Tunalo neno la Katiba. Lililobaki ni kulidai.

5. Tunachopendekeza

Kwanza, mzigo wa wadogo upunguzwe. Mirathi midogo ishughulikiwe karibu na nyumbani, kwa ada ndogo au bila ada, na barua ya chifu isiwe bidhaa ya kuuzwa.

Pili, mali anayoachiwa mume au mke wa marehemu isitozwe, na nyumba ya familia pamoja na shamba linaloilisha visitozwe.

Tatu, ushuru uanze juu, uwe wa kiasi, na upande kadiri mirathi inavyokuwa kubwa. Warithi wenye ardhi na wasio na fedha taslimu waruhusiwe kulipa kidogo kidogo kwa miaka kadhaa, au kutoa sehemu ya ardhi yenyewe ili wapewe wasio na makazi.

Nne, amana za familia na makampuni yanayoshika mali ya ukoo yasiwe mlango wa nyuma.

Tano, kila mwaka Serikali itangaze kiasi kilichokusanywa na kilikotumika, kaunti kwa kaunti.

Sita, neno hili linatuhusu sisi wenyewe. Majimbo na mashirika yetu ya kitawa yana ardhi, mingine iliyopatikana wakati wa ukoloni, na baadhi ya waamini hutuachia mali katika wosia. Tukiomba msamaha wa ushuru kwa zawadi hizo, basi tuonyeshe hesabu zetu kwa waamini, na ardhi isiyotumika tuitafutie matumizi yenye kuwafaa maskini. Hatuwezi kudai mwanga katika nyumba ya jirani tukiwa tumefunga madirisha ya kwetu.

Ndugu waamini, mzazi anayewaachia watoto wake jasho lake anafanya jambo jema, na Kanisa linambariki. Lakini watoto wa jirani nao ni watoto wa Mungu, na nchi hii ni urithi wao pia. Tunawaomba mlijadili jambo hili katika jumuiya zenu, mliandike, na mlipeleke kwa mbunge wenu kabla hajaenda kupigia kura sheria nyingine ya fedha.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Katika kijiji chetu, ni familia ngapi ambazo shamba lao lingali na jina la marehemu? Ni nini kilichowazuia kubadilisha hatimiliki?
2. Je, tumewahi kumnyima binti au mjane haki yake katika mirathi? Jumuiya inaweza kufanya nini kurekebisha?
3. Kipimo cha msamaha kingekuwa shilingi ngapi ili mkulima mdogo awe salama na mwenye mali kubwa achangie?
4. Ni nani kati yetu atakayemwendea mbunge wetu, na lini?